Kumkalisha Bibi

Tarehe kumi na moja Aprili, siku ya Jumamosi, tulimpoteza mama. Alikuwa anaponda mawe pamoja na wanawake wenzake nje kidogo ya Segese. Alisema kichwa kinamgonga, akaweka nyundo chini, akajilaza pembeni juu ya kiroba kitupu. Nilikuwa karibu naye. Niliendelea kuponda, nikidhani amepitiwa na usingizi. Pale zahanati walituambia ni presha.

Siku hiyo tulipoteza na kitu kingine ambacho msibani hakuna aliyekitaja. Mikono ya mama ndiyo mikono pekee pale nyumbani iliyokuwa inaweza kumnyanyua bibi.

Bibi ni mama yake mama. Kiharusi kilimchukua miguu yote na mkono wa kulia, kikamwachia mkono wa kushoto na mdomo. Mwanzoni aliishi kwa mjomba, mtoto wake wa kiume, upande wa Geita. Huko alikuwa analala tu, kutwa kucha, kwenye chumba chenye dirisha dogo. Mjomba alikuwa shambani na mkewe alikuwa na mgongo mbovu, hivyo hakukuwa na wa kumwinua. Vidonda vya kulalia vikamfunguka kiunoni. Mama alipokwenda kumtembelea alimfunua nguo, akaviona, akamfunika. Hakugombana na mtu. Alirudi na bibi siku hiyohiyo.

Vile vidonda vilipona kwa kukaa. Asubuhi mama alikuwa anamtoa kitandani na kumweka kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, karibu na mlango, na jua likizama anamrudisha. Hakukuwa na dawa nyingine zaidi ya hiyo.

Bibi ni mwanamke mkubwa wa mwili. Na kwenye nyumba yetu kulikuwa na mwanaume mwenye nguvu, baba yangu, mchimbaji anayeshinda kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, huko Bugarama, na kurudi mwisho wa wiki. Lakini kwetu Wasukuma mwanaume hamgusi mama mkwe wake. Hamkazii macho, hali naye, haingii anapolala. Watu walishangaa hata kusikia wanaishi nyumba moja. Baba alitoboa mlango wa nyuma ili asipite mbele ya bibi, na kila akirudi alikohoa toka uani ili bibi apate muda wa kujifunika. Waliongea kupitia kwa mtu wa tatu, hata kama wote wawili wanasikiana.

"Mwambie mkwe wangu mwangaluka," baba alikuwa anasema nyuma ya ukuta.

"Mwambie mume wako mwangaluka. Muulize huko shimoni wameamkaje."

"Mwambie wazima."

Mama alikuwa akikaa katikati anamenya viazi, hasemi chochote, maana salamu zilikuwa zimeshafika.

Tulipomaliza kuzika, wazee walikaa na mjomba. Mmoja alisema labda sasa baba anaweza kumsaidia mgonjwa, kwa kuwa mke hayupo tena. Mzee mwingine akamkata kauli. "Mke anakufa. Ukwe haufi." Hapo yakaisha. Mjomba akanigeukia. Nilikuwa nimenyolewa kichwa asubuhi hiyo na upepo ulikuwa unanipiga utosini.

"Mpwa wangu, mimi sina nia mbaya. Naenda kuvuna pamba. Nikimaliza nitakuja. Nikikuta unamkalisha mama kwenye kiti mwenyewe, bila kuita watu, abaki. Nikikuta huwezi, nitamchukua. Ni mama yangu, siwezi kumwacha aozee kwa watu."

Bibi alikuwa anasikia yote toka chumbani. Nilipoingia alinishika kidole kwa mkono wake mzima.

"Usiniache nikalale kule," alisema.

Nilijaribu kesho yake. Mama alikuwa anamkalisha bibi kwanza kwenye ukingo wa kitanda, anapitisha mikono chini ya makwapa, anaifunga nyuma ya mgongo, anambana kifuani kwake, halafu wanageuka pamoja kama watu wanaocheza ngoma ya polepole. Nilifanya vilevile. Bibi alinyanyuka kidogo tu, mikono yangu ikaachia, akarudi kitandani na kishindo. Nikajaribu tena, ikaachia tena. Nikamwita jirani yetu anayeuza vitumbua. Tulimwinua wawili, tunahema.

Sikuelewa. Naponda mawe tangu nilipoacha shule kidato cha pili. Mikono yangu ni migumu, mabega yangu mapana. Dada yule wa vitumbua aliniangalia akacheka, lakini kwa huruma.

"Wewe una nguvu za kupiga. Za kukumbatia huna."

Bibi akasema kitandani, "Mama yake naye hakuwa nazo. Alizitafuta kwenye vile vyuma."

Vile vyuma vilikuwa chini ya kitanda chake. Nilikuwa naviona kila nikifagia. Mama alipomleta bibi, alikwenda naye hospitali Kahama kwa mtaalamu wa viungo, na yule mtaalamu akamwonya kwamba atavunjika mgongo akiendelea kumnyanyua kwa kiuno. Akamwambia kumbana mtu ni kazi ya kifua, na kifua kinaweza kufundishwa peke yake. Alimwonyesha zoezi na vyuma vya mviringo vyenye mpini, akaviita ketobeli. Mama aliporudi alimwendea fundi wa kuchomelea. Alimpelekea yale matufe ya chuma yanayosaga mawe kwenye mitambo mikubwa, ambayo yakishalika huuzwa kama chuma chakavu. Fundi akachomelea kila moja mpini wa nondo. Mpini ulikuwa unakata viganja, kwa hiyo mama aliuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli.

Nilivivuta nikavifuta vumbi. Nikatandika kiroba sakafuni kando ya kitanda cha bibi, nikalala chali, magoti juu, nyayo chini. Bibi ndiye aliyenielekeza, maana alimwona mama akifanya kila asubuhi.

"Vinyanyue juu ya kifua. Viganja viangaliane. Sasa fungua mikono, polepole, kama unatandaza shuka. Kiwiko kikunje kidogo tu. Kikikaribia kugusa chini, rudi. Rudi kama unakumbatia pipa."

Nilifungua. Nikarudisha. Nilifanya mara nyingi, nikajisikia hodari. Kisha bibi akashusha mkono wake wa kushoto toka kitandani, akanibandika kiganja juu ya ziwa.

"Fanya tena."

Nikafanya.

"Hapa pamelala. Panakoroma kabisa. Unafanya na mabega."

"Bibi, si vyuma vinapanda?"

"Vinapanda kwa sababu unavisukuma. Unakunja kiwiko halafu unasukuma, kama unarudisha nyundo juu. Mimi sitaki kusukumwa, mke mwenzangu, nataka kukumbatiwa."

Bibi ananiita mke mwenzake tangu nikiwa mdogo, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wa kike. Sikuwa nimecheka tangu msiba. Siku hiyo nilicheka, na kucheka kukageuka kilio nikiwa bado nimeshika vyuma juu. Bibi hakuniondolea mkono.

Hilo zoezi lilinisumbua kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Kuponda mawe ni kuachia uzito udondoke. Mwili wangu ulijua kazi hiyo tu, na kila nikichoka kidogo kiwiko kilijikunja chenyewe, bega likachukua mzigo, kifua kikabaki kinatazama. Ilibidi nipunguze mwendo mpaka ikawa kama adhabu. Kufungua kwa pumzi ndefu ya kuingiza, kusubiri pale chini ambapo nyama inavutika karibu na kwapa, kufunga kwa pumzi ya kutoa, na juu kabisa kubana kidogo. Tufe la chuma lilikuwa linanilalia kwenye mkono juu ya kifundo, na kuniachia wekundu. Kiganja cha bibi kilikuwa hapohapo kinasubiri.

"Bado."

"Bado."

"Hapo pameshtuka. Umesikia? Umepoteza tena."

Kule mawe yanakopondwa wanawake walipata habari. Hakuna siri Segese.

"Eti unalala chini unanyanyua vyuma? Unataka kifua cha kiume?"

"Mwacheni, wenzie wanatafuta dhahabu, yeye anatafuta kifua."

"Akikipata atuuzie kidogo, cha kwangu kimeanguka tangu mtoto wa tatu."

Walicheka, nami niliinamia mawe yangu. Hawakuwa wabaya. Mmoja wao alikuwa ananiwekea maji ya kunywa pale alipokuwa anakaa mama. Lakini sikuweza kuwaambia kwamba nikilala usiku naona lile dirisha dogo la kwa mjomba, na kwamba siku nyingine niliamka nikiwa na hakika nimeshashindwa, nikafanya zoezi hivyohivyo, bila tumaini, kwa kuwa sikujua la kufanya lingine. Niliomba. Sikuona jibu. Mama hakunijia hata ndotoni.

Baba naye alikuwa anasikia. Akiwa nyumbani alikaa uani karibu na dirisha la bibi, mgongo ukutani, na mimi ndani nahesabu pumzi. Siku moja nilimkuta pale na macho mekundu.

"Ningeweza kumbeba kwa mkono mmoja," alisema. "Mfuko wa mawe ninaoubeba kule ni mzito kumshinda." Kisha akanyanyuka akaenda kuchota maji, ingawa mapipa yalikuwa yamejaa.

Mwezi wa sita mwishoni, kiganja cha bibi kilikaa kimya kwa muda mrefu nikifungua na kufunga. Halafu akasema, "Wabeja, asante. Pameamka." Asubuhi ile nilimwambia dada wa vitumbua asimame tu pembeni asimguse. Nilimzungushia bibi mikono, nikashika mkono wangu mmoja kwa mwingine nyuma ya mgongo wake, nikabana. Nilisikia ile nyama niliyoitafuta siku zote ikikaza pande zote mbili. Bibi alinyanyuka. Tuligeuka. Nikamkalisha. Dada wa vitumbua alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Tangu siku hiyo nilimkalisha mwenyewe, asubuhi na jioni. Sikuwa na furaha, ila niliweza kula.

Mjomba alikuja mwezi wa saba, pamba imekwisha, na gari dogo aina ya Noah alilopanda na dereva. Tulipata simu yake akiwa njiani. Ilikuwa Jumapili na baba alikuwepo. Nilianza kuhangaika. Nilipika wali, nikafagia hadi barabarani. Nikamwogesha bibi kitandani. Nilitaka mjomba aone ngozi ya mama yake inang'aa, asiseme nimemwacha apauke kama gogo. Tulikuwa na samli aliyoiacha mama kwenye chupa. Nikampaka bibi mgongoni, mabegani, mikononi, nikampaka mpaka akasema, "Unanikaanga?" Nikamfunga kitenge kipya kifuani, mabega wazi, maana kulikuwa na joto.

Mjomba alifika tukiwa bado chumbani. Nilimsikia nje akisalimiana na majirani. Nikaamua nimkalishe bibi kabla hajaingia, ili akivuka mlango amkute kwenye kiti. Sikumsubiri dada wa vitumbua, kwa kuwa sikuwa namhitaji tena.

Nilimzungushia mikono. Nikabana. Kifua kilikaza kama kawaida, nasema kweli, hakikuniangusha. Bibi alitoka kitandani, tukaanza kugeuka. Hapo ndipo nilipohisi mkono wangu unateleza juu ya mkono wangu mwingine. Viganja vyangu vilikuwa na samli, mgongo wake ulikuwa na samli, na hakukuwa na kitu cha kushika. Nilibana zaidi, na kadiri nilivyobana ndivyo alivyoteleza, kama sabuni. Kitenge kilifunguka. Nilimsikia akisema jina la mama yangu. Chini palikuwa na sementi na ukingo wa kitanda cha chuma.

Nilipiga kelele, "Baba!"

Nilimwita mimi. Kama ningemwita mjomba, labda angefika, labda asingefika, alikuwa barabarani. Mdomo wangu ulimwita aliye karibu. Baba alipita pazia kama mtu anayekimbilia shimo linaloporomoka. Alimdaka bibi chini ya mikono, akamnyanyua mwili mzima, akamlaza kitandani. Halafu akageukia ukuta na kubaki hapo, viganja vyake vimeinuka, vimejaa samli, kama hajui aviweke wapi. Mimi nilikuwa namfunika bibi. Mjomba alituona hivyo alipoingia.

Hakuna aliyemgombeza mwenzake. Baba alitoka. Bibi alijifunika kitenge usoni kwa mkono wake wa kushoto, na hakukitoa mchana kutwa. Wali ulipoa.

Mjomba alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kuongea na kile kitenge.

"Mama, hujaumia. Ni ajali. Mambo haya yana njia yake, mkweo atatoa mbuzi, wazee watakaa, litaisha."

"Mbuzi ataniondolea mkosi," bibi alisema ndani ya kitambaa. "Hataniondolea aibu."

Nikapiga magoti. "Bibi, nina nguvu. Ni mafuta tu. Mjomba, ngoja nimpanguse, utaona, ninamkalisha kila siku, muulize jirani."

"Nimeshamuuliza huko nje," mjomba alisema. "Amenieleza. Mpwa wangu, mimi nilikuwa nimekuja kumwacha."

Hayo maneno yalinichoma kuliko kama angenitukana. Nilimgeukia bibi. Alinitafuta kwa mkono, akanipata begani, akaushusha mpaka pale alipozoea kuuweka.

"Hapa pameamka, najua," alisema. "Hujashindwa wewe. Lakini baba yako hataweza kukohoa tena pale uani. Nikibaki atalala hukohuko kwenye duara, Jumamosi kwa Jumapili, kwa kunionea haya. Mkewe ameshaondoka. Nimwondolee na nyumba?"

"Bibi, kule utalala."

"Nitalala."

Nilimuuliza kama anaogopa. Akasema ndiyo.

Jioni nilimfuata baba nyuma ya nyumba, nikamwambia akaseme neno, angalau kupitia kwangu, angalau toka ukutani. Alitikisa kichwa. Alikuwa amenawa mikono kwa majivu mpaka ngozi imekauka. "Nikaseme nini?" aliniuliza. "Kwamba ningemwacha aanguke?"

Asubuhi nilimpangusa bibi kwa kitambaa kikavu, nikamvika gauni la mikono mirefu. Mjomba na dereva walisogea wasaidie. Niliwaambia wakae mbali. Nikamzungushia mikono, nikabana, nikamtoa kitandani, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki. Walimbeba na kile kiti mpaka kwenye gari. Mlangoni pa gari nilimzungushia tena, nikamwingiza na kumkalisha kiti cha mbele, nikamfunga mkanda. Hakuteleza hata kidogo. Mjomba alikuwa ananiangalia, kisha akazunguka kwenda kukaa nyuma. Nilitaka wachukue na kiti kile, lakini nyuma ya gari palikuwa pamejaa magunia ya mahindi ya dereva, hakikuingia.

Bibi alisema, "Mke mwenzangu, usiache kula." Gari likaondoka. Baba alikuwa amekwenda zake Bugarama kabla hapajapambazuka.

Jioni nilimpigia mjomba. Alisema wamefika salama, bibi amekunywa uji kidogo. Nikamuuliza nani alimshusha kwenye gari. Akasema vijana wawili wa jirani. Nikamuuliza kama wamemkalisha.

"Hapana, bado amelala," alisema. "Kiti tutatafuta."